Bastola, shotigani au AR-15 kwa mama anayelala peke yake na watoto? Anza na ukuta

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Houston, nalifupisha. Anakaa apatimenti ya ghorofa ya pili, vyumba viwili, watoto watatu, mkubwa ana miaka 14 na wa mwisho 4. Mumewe ni dereva wa lori, anakaa barabarani hata wiki mbili ndo arudi. Mwezi uliopita jirani wa chini kavunjiwa mlango usiku na watu wakiwa ndani. Mume anataka wanunue AR-15, ile bunduki ndefu inayofanana na za jeshi, muuzaji wa duka kamwambia dada achukue shotigani, inayotoa gololi nyingi kwa mpigo mmoja, maana "huhitaji hata kulenga", na kaka mmoja wa kanisani kamwambia aweke zile risasi ndogo za kupigia ndege kwa sababu hazipiti ukuta. Ana grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja. Anauliza: "Kaka, nichukue ipi na risasi gani? Mi sijawahi hata kuishika bunduki, naogopa, lakini naogopa zaidi kulala hivi hivi."

Dada, pole sana, na hiyo hofu yako naielewa maana mi nafundisha watu kupiga bunduki hapa Texas huu mwaka wa 11 na wengi wanaonijia ni wa kwetu, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, na karibu wote wamekuja baada ya tukio kama hilo lako. Ntakujibu kwa urefu na ntakutajia mpaka aina ya risasi, ila hao watatu waliokushauri wote wameanzia kwenye bunduki. We anzia kwenye ukuta.

Ukimaliza kusoma hapa inuka ukagonge ukuta wa chumba cha watoto kwa kidole. Utasikia ko, ko, ko, kama unagonga boksi tupu, na kweli ni boksi tupu. Kuta za ndani za apatimenti nyingi huku ni mbao zimesimamishwa kila baada ya inchi 16, huku wamepigilia jipsam ya nusu inchi na kule wamepigilia jipsam ya nusu inchi, katikati hewa. Sisi tumekulia nyumba za tofali na bloku, kwa hiyo kichwani ukuta ni kitu cha kujificha nyuma yake. Huku ukuta wa ndani ni pazia tu, unazuia macho basi. Umesema mwenyewe chumba cha watoto kimepakana na sebule, na sebule ndo ina mlango wa mbele. Yaani ukisimama mlangoni kwa chumba chako ukapiga kuelekea sebuleni ukakosea kidogo tu kushoto, hiyo risasi inaelekea kwenye kitanda cha mtoto.

Kwenye darasa langu kuna kitu nakifanya kila mwaka, tunaenda shamba moja nje ya mji, tunasimamisha fremu tatu za ukuta kama wa apatimenti, jumla jipsam sita, zimepishana hatua kadhaa, na nyuma ya ukuta wa tatu naning'iniza fulana ya mtoto. Halafu tunapiga risasi moja moja na baada ya kila risasi tunaenda kuangalia wote. Risasi ya bastola ya 9mm ile ya mazoezi, iliyofunikwa shaba kichwa chote, inapita kuta zote tatu na kutoboa fulana. Ile ya ulinzi yenye tundu kichwani, holopointi, ambayo watu wanaambiwa dukani kwamba "haipiti ukuta", nayo inapita, na ukiiokota kule nyuma unakuta lile tundu limejaa unga mweupe wa jipsam kama chaki, haikufunguka hata kidogo, imekuwa sawa na ile ya kawaida. Gololi za shotigani zile kubwa zinapita. Ya AR-15 inapita pia ila mara nyingi kufika ukuta wa tatu tundu linakuwa refu, limelala, maana risasi imeshapinduka inaenda ubavu. Zile za ndege peke yake ndo zinaishia njiani. Kina mama wengi wakifika kwenye ile fulana wananyamaza kabisa, na baada ya hapo hakuna anayebishana na mimi tena kuhusu wapi pa kusimama.

Sasa utasema basi kaka wa kanisani yuko sahihi, si zile za ndege zimesimama? Zimesimama kweli, na ndo hapo hapo tatizo lilipo. Kisichoweza kupita jipsam vizuri hakiwezi kumsimamisha mtu mzima aliyevaa jaketi. Zile chembe ni ndogo kama mtama, zinararua ngozi na nyama ya juu, damu nyingi, kelele nyingi, na mtu bado ana miguu ya kukufuata. Kuna tukio la Miami la tarehe 11 Aprili 1986, FBI, wale wapelelezi wa serikali kuu, walipigana risasi na majambazi wawili wa benki, maafisa wawili wakafa na watano wakajeruhiwa. Mapema kabisa kwenye yale mapigano mmoja wa majambazi alishapigwa risasi ya 9mm iliyoingia mkononi ikapita mpaka kifuani ikasimama karibu kabisa na moyo bila kuufikia, na yule mtu akaendelea kupiga na kuua. Baada ya hapo FBI wakaweka kipimo kinachotumika mpaka leo: risasi inapigwa kwenye jelatini maalumu iliyotengenezwa kufanana na nyama, bila kizuizi na kupitia nguo nzito, jipsam, mbao, bati na kioo cha gari, na inatakiwa iingie si chini ya inchi 12 na isizidi 18. Sentimita 30 mpaka 46 hivi. Unaweza kuona ni nyingi kuliko unene wa mtu, lakini mtu anayekujia hasimami kama kwenye picha ya pasipoti, mkono uko mbele, bega limegeuka.

Kwa hiyo lishike hili: risasi inayotosha kumsimamisha mtu inatosha kupita ukuta wa ndani, kila aina, kila bunduki. Atakayekuambia ana risasi inayofanya kimoja bila kingine anakuuzia. Kinachobaki ni mambo ambayo risasi haiwezi kukufanyia: unapiga ukiwa umesimama wapi na umeelekea wapi, unapiga chache, na unazipiga zinapotakiwa. Risasi iliyompata mtu kifuani na kufunguka ndani, hata ikitoka nyuma yake, imeshapoteza nguvu nyingi. Iliyokosa ndo inayoenda kwa jirani ikiwa na nguvu zake zote. Ndo maana bunduki yako ni ile utakayoweza kulenga nayo usiku, mikono inatetemeka, na si ile yenye sifa kubwa.

Tukija kwa muuzaji na shotigani yake. Hiyo ya kusema huhitaji kulenga ntaipinga mpaka kesho. Watu wanadhani gololi zikitoka zinatawanyika kama maji ya bomba la bustani. Kwa umbali wa sebule yako, mita 4 au 5, zile gololi 9 za bakishoti namba 00 zinafika zikiwa kundi la ukubwa wa ngumi au kiganja, na risasi nyingine za kisasa zinabana zaidi ya hapo. Ukikosa kwa ngumi umekosa, na kila gololi ina milimita 8 na kitu, sasa una vitu 9 vimeenda kwa jirani kwa mpigo mmoja. Halafu teke lake. Shotigani ya kipimo cha 12, ile kubwa ya kawaida, inapiga bega, na mtu mwenye umbo dogo ambaye hajafundishwa akipiga mara moja hataki tena mara ya pili, nimeona wanaume wakubwa wanafumba macho kabla ya kuvuta triga kwa sababu wanajua kinachokuja. Na ile ya kupampu, unayovuta kishikio nyuma na mbele ili risasi nyingine iingie, mtu akiwa na hofu anavuta nusu, haifiki mwisho, risasi inayofuata haiingii, anabonyeza inalia kli. Zipo risasi za teke pungufu na ipo shotigani ya kipimo cha 20 ambayo ni nyepesi, na mtu aliyefundishwa vizuri akiwa na shotigani ndani ya nyumba ana silaha kali mno, hakuna ubishi hapo. Ila huyo si wewe kwa leo. Na usikubali kuambiwa kwamba ule mlio wa kupampu peke yake unatosha kumkimbiza mwizi. Usishike silaha kwa kutegemea mlio.

AR-15 ya mumeo: hapa nataka nimtendee haki maana wengi wanaitukana bila kuijua. Teke lake ni dogo sana, wanawake wengi darasani wanaipiga vizuri siku ya kwanza kuliko bastola, ina kitako cha kuegemeza begani na mtutu mrefu, kulenga ni rahisi. Risasi yake ni nyepesi na inaenda kasi sana, na ukichagua ya kichwa laini au tundu ya greini 55 (greini ni uzito wa kichwa cha risasi), inavunjika vunjika mapema, kwa hiyo kwenye kuta haina balaa kubwa kuliko bastola kama watu wanavyodhani. Tatizo lake nyumbani kwako ni mawili. Mlio wake ndani ya chumba ni mbaya, unazidi desibeli 160, masikio yenu na ya watoto yataumia kwa mpigo mmoja, na ingawa hakuna bunduki isiyoumiza masikio ndani ya nyumba, hiyo imezidi. La pili ndo kubwa zaidi: inataka mikono miwili.

Hebu fikiria usiku wenyewe. Saa 8 za usiku mlango unapigwa teke. Wa miaka 4 anaamka analia anakukimbilia miguuni. Unatakiwa umshike, ufungue mlango wa chumba, uwashe tochi, ushike simu useme na 911, namba ya dharura ya polisi. Ungekuwa na mumeo ndani, mmoja akae na simu na mwingine na bunduki ndefu, ningesema sawa, mumeo akiwepo AR yake haina shida. Lakini wewe unalala peke yako na watoto watatu, mkono mmoja ni wa mtoto. Hiyo ndo sababu kwako nachagua bastola, pamoja na kwamba bastola ndo ngumu kuliko zote kujifunza, na sikufichi hilo. Bunduki fupi, mkono ukicheza milimita chache huku, kule mbele umekosa kwa futi nzima. Bastola bila mazoezi ni hatari kwa wanao kuliko kwa mwizi.

Ipi sasa. Ya 9mm, na isiwe ile ndogo kabisa ya kuingia mfukoni ambayo muuzaji atakuletea kwa sababu we ni mwanamke na ni "nzuri kwa mkono mdogo". Bastola ikiwa ndogo na nyepesi teke ndo linazidi na kulenga kunakuwa kugumu. Chukua ya wastani kama Glock 19, inabeba risasi 15, ipo tangu 1988 na vipuri na mikoba yake imejaa kila duka. Kama vidole vyako havina nguvu za kuvuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoingiza risasi, na hilo utalijua dukani palepale, omba waiondoe risasi waihakikishe halafu uvute mwenyewe mara 10 mfululizo, ikikushinda angalia Smith & Wesson M&P Shield EZ ya 9mm, hiyo imetengenezwa makusudi slaidi iwe laini, inabeba 8 lakini unaiweza. Nusu ya wanaoambiwa mikono yao haina nguvu wanakuwa wanavuta tu vibaya: shika slaidi kwa kiganja chote juu, iweke karibu na kifua, mtutu umeelekea pembeni salama, halafu usivute slaidi, sukuma bastola mbele kwa ule mkono mwingine. Jaribu, utashangaa. Kuhusu rivolva ndogo, ile bastola yenye kipipa cha kuzunguka, watu wanasema ni rahisi kwa sababu haina mambo mengi, lakini triga yake ni nzito na ndefu, nimeona wengi wanaikosea hata kwa mita 5.

Na kama baada ya madarasa matatu unaona bastola haikai mkononi, usijilazimishe. Kuna bunduki ndefu zinazotumia risasi hiyohiyo ya bastola ya 9mm, kama Ruger PC Carbine, teke karibu hakuna na kulenga ni kama AR, mlio ni mdogo zaidi. Mikono miwili bado, ila ni afadhali kitu unachokipatia kuliko kitu kizuri unachokikosea.

Risasi utanunua za aina mbili na usizichanganye. Za mazoezi ni zile za shaba nzima kichwani, nafuu, boksi la 50. Hizo ni za kutoboa karatasi, hazikai kwenye bastola ya usiku, kwa sababu zinaingia mbele zinatokea nyuma na safari inaendelea. Za usiku ni holopointi za kiwanda kinachojulikana na zilizopita ule mtihani wa FBI: Federal HST ya greini 124 au 147, au Speer Gold Dot ya 124. Huo uzito wa greini usihangaike nao sana, hiyo 147 watu wengi wanaona inasukuma taratibu zaidi mkononi na ndo ningeanza nayo kwako. Zile zenye alama ya +P ni za presha kubwa, teke zaidi, mlio zaidi, moto zaidi gizani, huzihitaji. Achana na zilizojazwa na mtu gereji kwake, achana na zile zenye maboksi ya kutisha yenye majina ya mauti. Za ulinzi ni ghali, moja inafika dola nzima na zaidi, lakini piga angalau 50 kupitia bastola yako mwenyewe uone kama zinaingia bila kukwama, maana bastola nyingine inachagua chakula.

Kitu kimoja hakisemwi dukani. Watu wanaotoa na kurudisha risasi ileile kwenye chemba, pale inapokaa risasi iliyo tayari kupigwa, kila siku, asubuhi anatoa, usiku anaingiza, kila slaidi inapoigonga kile kichwa kinasukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Kikizama, baruti inabanwa, presha inapanda, na bastola inaweza kupasuka mkononi. Ichukue hiyo risasi uisimamishe mezani pamoja na mpya kutoka boksini, zilingane urefu. Iliyofupika, hata kama ni kidogo cha kuonekana kwa jicho, usiitumie, mpe mtu wa renji, kwenye uwanja wa kupigia shabaha, aitupe anavyojua.

Tochi ni lazima. Kuna zinazofungwa chini ya mtutu, ni nzuri, lakini nunua na ya mkononi pia, maana ukimulika na ile ya kwenye bastola unamwelekezea bastola kila unayemmulika, na unayemmulika anaweza kuwa kijana wako wa miaka 14 aliyeenda kunywa maji. Hujamwona uso, hujajua ni nani, kidole hakigusi triga. Nakuomba sana hapo.

Kununua. Grini kadi inakuruhusu, utajaza dukani fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununua silaha, wanapiga kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, na Texas unaweza kutoka nayo siku hiyohiyo. Bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21, bunduki ndefu 18. Beba grini kadi yenyewe na kitambulisho chenye anwani unayokaa sasa hivi, maana wengi wetu tunahama na kitambulisho kinabaki na anwani ya zamani, unarudishwa. Swali la kwanza kwenye fomu ni kama unajinunulia mwenyewe. Kama kuna ndugu ana viza ya mwanafunzi anakubembeleza umchukulie na yeye moja, kataa, kumnunulia mtu asiyeruhusiwa ni kosa la serikali kuu na sheria ya 2022 imepandisha mpaka miaka 15 jela. Mwenye viza za muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vigezo vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na kwa sisi wenye grini kadi kuna jambo zito kuliko faini, kuhukumiwa kwa kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, miaka yote uliyohangaika inaisha. Kule nyumbani kumiliki silaha kuna milolongo ya polisi na vibali mpaka unachoka, huku urahisi wake ndo unafanya watu wasisome fomu. Soma kila mstari, usichoelewa uliza kabla hujasaini. Mwenye nyumba asikutishe kuhusu mkataba wa kupanga, tangu Septemba 2019 sheria ya Texas haimruhusu kumkataza mpangaji kuwa na silaha halali ndani kwake.

Sheria ya Texas inampa mtu haki pana ya kujilinda akiwa ndani ya nyumba yake dhidi ya aliyeingia kwa nguvu. Lakini mi nakufundisha kitu chembamba kuliko sheria: unapiga pale tu ambapo usipopiga wewe au mtoto mnakufa au mnaumizwa vibaya sasa hivi. Anatoka na tivii, mwache aende na tivii.

Sasa sefu, na hapa ndo nina maneno mengi kuliko kwenye bastola yenyewe, kwa sababu una mtoto wa miaka 4 na una kijana wa miaka 14 na hao wawili ni hatari mbili tofauti. Wa miaka 4 ni mtundu, ataifikia juu ya kabati, chini ya godoro, kwenye pochi yako, kokote unakodhani umeficha. Mtoto mdogo akishindwa kubonyeza triga kwa kidole cha shahada anaigeuza anatumia vidole gumba viwili, na akiigeuza hivyo mtutu unamwangalia yeye. Wa miaka 14 anajua kila kitu na anajua tarehe yako ya kuzaliwa uliyoweka kama namba ya siri. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni watu kujiua wenyewe, na hili kwenye jamii zetu hatulitamki, tunasema mtoto kabadilika tu, anajifungia chumbani, ni umri. Ukimwona hayuko sawa, kavunjika moyo, anaonewa shule, bastola itoke ndani ya nyumba siku hiyo, ikakae kwa mtu unayemwamini anayeruhusiwa kuwa nayo, hata kama mwizi yuko mtaani. Na sheria ya Texas inasema ukiacha bunduki yenye risasi mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na akaifikia, kosa ni lako.

Nunua sefu ndogo ya kufungwa kwa boliti kwenye sakafu au kabati, yenye vitufe vya kubonyeza vya chuma, vya kimekanika, visivyotegemea betri. Za alama ya kidole zinakataa ukiwa na jasho. Ifunge upande wako wa kitanda. Jifunze kuifungua gizani bila kuangalia mpaka vidole vikumbuke vyenyewe, usiku taa zikiwa zimezimwa, mara 5 kila siku kwa wiki mbili, bastola ikiwa haina risasi. Ndani ikae na magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ikiwa na risasi, chemba tupu, slaidi utavuta wakati ukifika. Wenzangu wengine wanafundisha chemba iwe imejaa, wana hoja zao, kwa mtu mpya mwenye mtoto wa miaka 4 mi sikubali.

Mpango wa usiku uwe mfupi mpaka mtoto akariri. Umesema milango ya vyumba viwili inatazamana. Wewe ndo unakimbilia kwa watoto, usiwaite waje, maana ukienda wewe kila mtu wa kwenu yuko nyuma yako na hakuna anayebaki upande wa risasi. Kijana wa 14 kazi yake ni kuwachukua wadogo zake wawili na kukaa sakafuni kwenye ile kona ya ukuta wa nje, ule wenye matofali. Wewe unafunga mlango, unapiga magoti pembeni ya kitanda, unaelekea mlangoni. Mchana leo simama hapo, nyoosha mkono, uliza: nyuma ya huo mlango kuna nini? Kwako naona ni chumba chako kitupu na bafu, hiyo ni nzuri, na ukipiga ukiwa umepiga magoti mtutu unaelekea juu kidogo badala ya kwa mtu wa chini. Huendi kumtafuta mwizi sebuleni, kamwe. Piga 911, taja anwani kwanza na namba ya apatimenti kabla ya kitu kingine, Kiingereza kikikwama sema "Swahili" watakuunganisha na mkalimani. Polisi wakifika bastola chini, mikono mitupu.

Kabla ya hayo yote, wikiendi hii, nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue skrubu za inchi 3, dola chache. Fungua kile kibati cha kwenye fremu ambapo kitasa kinaingia, utakuta wamefunga kwa skrubu fupi hata inchi moja hazifiki, zimeshika ubao laini tu. Ndo maana mlango wa jirani ulikubali kwa teke. Weka hizo ndefu ziingie mpaka kwenye nguzo ya ukuta, na kwenye bawaba pia. Mwombe ruhusa mwenye nyumba, kwa barua pepe, ubaki na ushahidi. Hiyo dakika moja unayoiongeza mlangoni ndo ya kufungua sefu na kufika kwa watoto.

Darasa usiruke. Omba mwalimu, akiwepo mwanamke na ungependa, hakuna ubaya, saa kadhaa za kwanza ziwe za bastola tupu. Halafu renji mara moja kwa mwezi, risasi 50 za mazoezi, taratibu, mita 5 mpaka 7. Vikinga masikio na miwani muda wote. Ukitoka nawa mikono kwa sabuni na maji baridi na ubadilishe nguo kabla hujambeba mtoto, ni kwa ajili ya yale madini yenyewe yanayoitwa risasi (kwa Kiingereza lead), ambayo ni sumu na yanabaki kwenye vidole, na kama una mimba au unanyonyesha ahirisha renji kabisa, fanya mazoezi ya bastola tupu nyumbani tu.

La mwisho ni la mumeo, na mwonyeshe hapa asome mwenyewe. Dereva wa lori anarudi muda wowote, saa 7, saa 10 alfajiri, na kuna anayependa kuja kimya awashtukize watoto kwa furaha. Kuanzia siku bastola inaingia ndani hiyo basi. Akifika kwenye maegesho anapiga simu, hashuki kwenye gari mpaka wewe upokee na useme kwa sauti yako kwamba umeamka na unajua ni yeye. Usipopokea anasubiri hapohapo garini, hata kama ni mpaka kukuche.